Oktoba 14: tarehe aliyofariki Mwalimu ndo tarehe aliyozaliwa Mobutu, na mengine mazito ya siku hiyo (uzi mrefu)

Wakuu salaam.

Kila ikifika Oktoba 14 hapa nyumbani utaratibu unajulikana, ni sikukuu, shule na ofisi zimefungwa, Mwenge unahitimisha mbio zake, redioni ni hotuba za Mwalimu kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hilo ni sawa kabisa wala silipingi. Ila kuna kitu kinaniuma miaka yote, hii tarehe tunaichukulia kama ina mtu mmoja tu ndani yake. Dogo wa darasa la sita ukimuuliza Oktoba 14 kulitokea nini anakwambia alifariki Baba wa Taifa, basi, hapo ndo mwisho. Wakati siku hiyohiyo alizaliwa mtu ambae kwa miaka zaidi ya 31 alitawala ng'ambo ya pili ya Ziwa Tanganyika kwa namna iliyo kinyume na karibu kila kitu alichokua anahubiri Mwalimu. Hoja yangu ni kwamba hawa wawili tuwasome pamoja siku hiyo, maana ukimweka Mobutu pembeni ya Nyerere ndo unaelewa nchi yetu ilikua imezungukwa na nini.

Tuanze na wa kwetu. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, kazaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, kafariki Alhamisi 14 Oktoba 1999 hospitali ya St Thomas' pale London, saratani ya damu. Rais Mkapa ndo aliwatangazia wananchi, na waliokua wakubwa kipindi kile wanakumbuka redio zilivyobadilika ghafla, nyimbo za maombolezo nchi nzima, watu wamekusanyika vibarazani kwenye redio moja. Akazikwa Butiama tarehe 23 Oktoba. Kitu watu wanasahau ni kwamba hakufa akiwa mstaafu amekaa tu shambani, mpaka anaondoka alikua bado ni msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, mazungumzo yanafanyika Arusha, na baada yake kazi ile akaichukua Mandela.

Sasa huyu wa pili. Joseph-Désiré Mobutu, kazaliwa 14 Oktoba 1930 Lisala, mji ulio kando ya mto Congo. Akaingia jeshi la Wabelgiji, Force Publique, akafika usajenti, akatoka akawa mwandishi wa habari Léopoldville ambayo leo ndo Kinshasa. Congo inapata uhuru Juni 1960, waziri mkuu Lumumba anamuamini, anampa unadhimu mkuu wa jeshi. Miezi miwili na kidogo tu baadae, 14 Septemba 1960 (angalieni hiyo 14 tena), Mobutu anatangaza kuwaweka pembeni Rais Kasavubu na Lumumba wote wawili. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba anauawa Katanga. Na Novemba 24, 1965 Mobutu anachukua nchi moja kwa moja.

Hapo kwenye 1965 ndo Kigoma inapoingia. Che Guevara alipita Dar mwezi Aprili mwaka ule, akashuka Kigoma, akavuka ziwa kwenda kuwasaidia waasi akina Laurent Kabila upande wa Fizi. Mambo hayakwenda, wale Wacuba wakarudi Kigoma mwezi Novemba wakiwa hoi, na siku chache tu baada ya wao kuvuka Mobutu akapindua. Yani ziwa moja, mwezi mmoja. Kabila mwenyewe baadae akaishi Dar miaka mingi, na ni huyohuyo ambae majeshi yake yaliingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997 Mobutu akiwa ameshakimbia siku moja kabla. Mobutu kafia Rabat, Morocco, 7 Septemba 1997 na akazikwa hukohuko. Kwa hiyo Mwalimu aliishi akaona mwisho wa Mobutu, akamzidi miaka miwili na mwezi mmoja.

Jambo lingine la kuwapambanua hawa wawili ni majina. Tarehe 27 Oktoba 1971 Mobutu aliigeuza nchi ikawa Zaïre, mto ukawa Zaïre, na pesa ilishakua Zaïre tangu 1967. Watu wakakatazwa majina ya ubatizo, suti na tai zikapigwa marufuku, ikaja ile koti ya abacost, na yeye mwenyewe akajiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga. Hata Ziwa Albert likaitwa Ziwa Mobutu, na jirani yake Idi Amin akalichukua Ziwa Edward akalipa jina lake. Wakati huo rais wa nchi yetu watu wanamuita mwalimu, yani jina la kazi yake. Halafu kule Gbadolite, kijijini kwa mababu zake katikati ya msitu, Mobutu akajenga makasri na uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kutosha kutua Concorde, ile ndege ya abiria iliyokua inaizidi kasi ya sauti. Concorde wakuu! Msituni! Taarifa ya habari ya televisheni yao ilikua inaanza na sura yake ikishuka kutoka mawinguni.

Na kuna mwingine wa Oktoba 14 anaingia humuhumu. Dwight Eisenhower, rais wa Marekani, kazaliwa 14 Oktoba 1890 Denison, Texas. Huyu ndo alikua madarakani Washington mwaka 1960 Mobutu anapoibuka, na utawala wake ndo ulioanzisha mipango ya siri ya kumuondoa Lumumba, mambo ambayo kamati ya seneti yao wenyewe ilikuja kuyachimba mwaka 1975. Kwa hiyo Eisenhower na Mobutu wanashea tarehe ya kuzaliwa, walipishana miaka 40 kamili, na habari ya Congo imewapitia wote.

Nashusha kidogo kidogo, mengine yanakuja chini. Karibuni mchangie.

*

#2
Mkuu uzi mzuri sana, mimi hiyo ya Mobutu nilikua sijui kabisa. Ila nilisoma mahali kwamba na Sankara alikufa siku hiyohiyo ya Nyerere, mbona hujamuweka?

#3 (mleta uzi)
Mkuu Sankara, yule rais wa Burkina Faso, ni 15 Oktoba 1987, ni kesho yake. Hii inachanganywa sana kwenye zile picha zinazozunguka WhatsApp kila mwaka, mtu anaandika "leo katika historia" anawarundika wote kwenye siku moja kwa vile wanaendana. Wawekeni kila mtu kwenye siku yake, Sankara ana siku yake na inamtosha.

Sasa twende mbele, nataka kukaa kwenye mwaka 1964 maana Oktoba 14 ya mwaka ule ni kitu kingine.

Turudi nyuma miaka miwili kwanza. 14 Oktoba 1962 rubani wa Marekani, Meja Richard Heyser, alipita juu ya Cuba na ndege ya upelelezi aina ya U-2, akapiga picha. Wataalamu walipozikagua wakaona Wasovieti wanajenga sehemu za kurushia makombora ya nyuklia. Rais Kennedy akaonyeshwa tarehe 16, na dunia ikakaa karibu wiki mbili haijui kama itaamka kesho. Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, ikabidi ayaondoe yale makombora. Sasa miaka miwili kamili baadae, siku ileile, 14 Oktoba 1964, wenzake kwenye Kamati Kuu ya chama wakamvua uongozi, akaingia Brezhnev. Na kati ya lawama zilizokua zinamuandama ilikuwepo hiyo ya Cuba. Tarehe ileile iliyomuumbua ndo iliyomtoa.

Siku hiyohiyo ya 14 Oktoba 1964 ikatangazwa kwamba Martin Luther King Jr. kapewa Nobeli ya Amani. Alikua na miaka 35, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata mpaka wakati ule. Taarifa ilimkuta kalazwa hospitali Atlanta, uchovu ulikua umemzidi, mkewe Coretta ndo akampigia simu kumwambia.

Na bado siku hiyohiyo, Tokyo kwenye Olimpiki inapigwa mita 10,000. Mtu anaitwa Billy Mills, Mmarekani wa kabila la Lakota, hakuna aliekua anamtarajia. Mzunguko wa mwisho yuko na Ron Clarke wa Australia aliekua na rekodi ya dunia na Mohammed Gammoudi wa Tunisia, anasukumwa nje mpaka karibu aanguke, anaachwa, watu wanamuhesabia wa tatu, halafu kwenye mita za mwisho anakuja na njia ya nje anawapita wote wawili. Dakika 28 na sekunde 24.4. Mpaka leo hakuna Mmarekani mwingine aliechukua dhahabu ya mita 10,000. Na siku mbili baadae, tarehe 16, Wilson Kiprugut akaipa Kenya medali yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki, shaba ya mita 800, nchi ina chini ya mwaka mmoja wa uhuru.

Miaka minne mbele, Oktoba 14, 1968, Mexico City, Jim Hines anakimbia mita 100 kwa sekunde 9.95, wa kwanza kushuka chini ya sekunde 10 kwa saa ya umeme. Rekodi ile ilikaa mpaka 1983. Wiki hiyo hiyo ya michezo ndo Mtanzania John Stephen Akhwari, tarehe 20, alimaliza marathoni usiku goti limefungwa bandeji, wa mwisho, uwanja umeshabaki na watu wachache. Sio tarehe yetu lakini nisingeweza kupita hapo bila kumtaja.

#4
Aisee. Lakini mleta uzi nikuulize kwa nia njema. Umemchora Mobutu shetani na Mwalimu malaika. Operesheni Vijiji umeisahau? Watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikachomwa. Na sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ya 1962 je? Na chama kimoja 1965? Tuseme ukweli wote.

#5 (mleta uzi)
Mkuu hayo yote ni kweli na yanatakiwa yasemwe Oktoba 14 hiyohiyo. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 mpaka 1976 ilihamisha mamilioni, na kuna wazee mpaka leo wanakuonyesha mahali kijiji chao cha zamani kilipokua, miembe imebaki peke yake. Sheria ya kizuizini ilikuwepo na ilitumika. Foleni za sukari, sabuni na mafuta ya kula za mwishoni mwa sabini na mwanzo wa themanini, hasa baada ya vita vya Kagera, hakuna familia haizijui.

Ila ndo maana nasema wasomwe pamoja. Mwalimu aling'atuka Novemba 1985 kwa miguu yake, akarudi Butiama, akawa anasema hadharani kwamba hapa tulikosea hapa tulipatia. Mobutu mwaka huo wa 1985 ana miaka 20 kwenye kiti na hana mpango wa kutoka, mpaka alipotolewa kwa bunduki akiwa anaumwa. Waalimu na askari wa Zaïre wanakaa miezi bila mshahara, barabara alizoziacha Mbelgiji zimemezwa na msitu. Mkimbizi wa Congo alievuka ziwa kuja Kigoma, kambi ya Nyarugusu ilianza 1996 na bado ipo, anaweza kukwambia tofauti ya hizi nchi mbili bila kusoma kitabu chochote. Makosa ya mmoja hayamfanyi afanane na mwenzie, na ukubwa wa mmoja haumfutii makosa.

#6
Mkuu endelea na wazungu, mimi nataka ile ya ndege iliyovunja kasi ya sauti, si ni siku hiyo pia?

#7 (mleta uzi)
Ndio mkuu, 14 Oktoba 1947, jangwani California. Chuck Yeager, rubani wa jeshi, miaka 24. Siku mbili kabla alikua kaanguka na farasi usiku kavunjika mbavu mbili, akawaficha wakubwa, akaenda kwa daktari wa kiraia kufungwa. Tatizo likawa mlango wa ile ndege, Bell X-1, unafungwa kwa kuvuta kishikio kwa nguvu na upande wake wa kulia haufanyi kazi. Rafiki yake Jack Ridley, injinia, akakata kipande cha mpini wa fagio akampa akitumie kama wenzo. Ndege ya gharama kubwa vile, siri ya taifa, inafungwa na mpini wa fagio! Ikabebwa chini ya tumbo la ndege kubwa ya B-29, ikaachiwa angani, ikafika Mach 1.06, yani ikaizidi kidogo kasi ya sauti. Ilikaa siri miezi kadhaa.

Halafu miaka 65 kamili baadae, 14 Oktoba 2012, Felix Baumgartner wa Austria akaruka kutoka kwenye puto juu ya New Mexico, urefu wa kama kilomita 39, akavuka kasi ya sauti akiwa ndani ya nguo tu, hana ndege. Alianguka dakika 4 na sekunde kama 20 kabla ya kufungua mwavuli. Kuna sehemu alianza kuzunguka hovyo watu wakajua kaisha, akajiweka sawa, akatua kwa miguu. Amefariki Julai 2025 Italia, akiruka na parashuti yenye injini.

Wa tatu niliyemuwekea alama ni Theodore Roosevelt, aliekua rais wa Marekani kabla ya hapo. 14 Oktoba 1912 yuko Milwaukee kwenye kampeni, anatoka hotelini, mtu anampiga risasi kifuani. Risasi ikapita kwenye kasha la chuma la miwani na kwenye hotuba yake ya kurasa 50 iliyokunjwa mfukoni, ikapungua nguvu. Jamaa akakohoa kwenye kiganja akaangalia kama kuna damu, akaona hakuna, akajua pafu liko salama, akaenda jukwaani kuhutubia zaidi ya saa nzima shati lina damu. Risasi haikutolewa, alikufa nayo 1919. Kwetu huku anahusika vizuri tu, Aprili 1909 alishuka Mombasa na mwanae Kermit, wakapanda reli ya Uganda, wakapiga wanyama wakubwa zaidi ya 500 kwa bunduki zao wenyewe, wakatokea Uganda mpaka Khartoum. Wapagazi na wapishi wa msafara ule walikua watu wa huku, mamia.

#8
Nyie mnaongelea marubani na mabingwa, mimi Oktoba 14 naiogopa. 2017 Mogadishu. Nina ndugu Barawa na Mogadishu, siku ile simu hazipatikani.

#9 (mleta uzi)
Pole sana ndugu yangu. Wakuu wasiokumbuka, 14 Oktoba 2017 ilikua Jumamosi mchana, lori lililojazwa mabomu likalipuka makutano ya Zoobe, njia yenye magari na biashara nyingi, karibu na Hoteli Safari. Palikua na lori la mafuta jirani, likashika moto, na ndo maana watu wengi hawakuweza hata kutambuliwa. Waliokufa walifika 587. Ni shambulio baya kuliko yote yaliyowahi kutokea Somalia, na damu ilichangwa mpaka na watoto wa vyuo. Halizungumzwi inavyotakiwa hata sisi majirani, na hilo ni deni letu. Ningependa redio zetu siku hiyo zikimaliza hotuba zitenge hata dakika tano za Mogadishu.

Na ng'ambo ya bahari pale, Yemen nao Oktoba 14 ni sikukuu. Mwaka 1963 milima ya Radfan ilianza kupigana na Mwingereza, na Novemba 30, 1967 Mwingereza akaondoka Aden. Wale ndugu zetu wenye asili ya Yemen waliojaa Mombasa, Tanga na Dar, wazee wao wanaijua hii.

Halafu Sobibor. 14 Oktoba 1943, Poland iliyokaliwa na Wajerumani, kambi ambayo haikujengwa kwa ajili ya kufungia watu, ilijengwa kwa ajili ya kuwaua, Wayahudi si chini ya laki moja na elfu sabini wameishia hapo. Wafungwa waliobakizwa kufanya kazi, kama 600, wakiongozwa na Leon Feldhendler na mwanajeshi wa Kisovieti Alexander Pechersky, wakapanga. Maafisa wa SS, kikosi cha Wanazi, wakaitwa mmoja mmoja karakana ya mafundi cherehani, njoo mkuu ujaribu koti lako jipya liko tayari, na kwa fundi viatu hivyohivyo, njoo ujaribu buti. Akigeuka, shoka. Walipunguza zaidi ya kumi namna hiyo kabla ya kugundulika. Watu kama 300 wakavuka waya na mabomu ya ardhini wakaingia msituni, na walioishi mpaka vita inaisha hawafiki mia. Wajerumani wakaibomoa kambi yote wakapanda miti juu yake ili isijulikane.

Ya huzuni yanatosha. Poland hiyohiyo Oktoba 14 ni Siku ya Walimu, wanakumbuka tume ya elimu ya taifa lao iliyoundwa 14 Oktoba 1773. Yani siku sisi tunamkumbuka Mwalimu, wao wanawapelekea maua walimu wao, na hakuna aliewasiliana na mwenzie.

#10
Swali la mwisho mkuu. Kwenye hizo orodha wanaweka vita ya Hastings 1066, William anamuua Harold anachukua Uingereza, wanasema Oktoba 14. Miaka ile walihesabuje? Ni kalenda hii hii?

#11 (mleta uzi)
Swali zuri kuliko yote. Hapana, ni kalenda ya zamani, ya Julius Kaisari. Ilikua inachelewa kidogo kidogo mpaka ikawa imeachana na jua kwa siku 10. Papa Gregory XIII akairekebisha, ikaamuliwa kwamba mwaka 1582 baada ya Alhamisi tarehe 4 Oktoba inakuja Ijumaa tarehe 15. Siku kumi zikarukwa. Kwa hiyo Hispania, Ureno, Poland na sehemu kubwa ya Italia mwaka ule Oktoba 14 HAIKUWEPO, hakuna aliezaliwa wala aliekufa siku hiyo. Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki usiku huohuo wa kuvuka, usiku ambao jioni yake ni tarehe 4 na asubuhi yake ni 15, na sikukuu yake kanisani mpaka leo ni 15 Oktoba.

Uingereza iligoma mpaka 1752. Ndo maana William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania, utakuta kaandikwa kazaliwa 14 Oktoba 1644, lakini kwa kalenda tunayotumia sisi ile ni tarehe 24. Kwa hiyo mkiona orodha za hizi tarehe, chochote cha Uingereza kabla ya 1752 au cha Urusi kabla ya 1918 ulizeni kwanza ni kalenda gani.

Mwenye ya Congo, Burundi au Oman ya tarehe hii aitupie hapa, ila aje na mwaka na mahali, tusije tukarudia yale ya Sankara.